Kompyuta Iliyoamka Alasiri

Wiki iliyopita kazini kwetu walitoa kompyuta za zamani stoo ili wazigawie shule moja, na kwa kuwa mimi ndiye wa kuitwa kila penye kitu kisicho na mwenyewe, nikaambiwa niziwashe moja moja nione zipi bado zina uhai. Ya kwanza iliunguruma, ikakohoa, ikatoa ile harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya plastiki. Nyinyi wa rika langu mnaijua. Hawa wanaokunja kompyuta na kuitia begini hawawezi kuijua, na siwalaumu. Niliketi kwenye kiti cha mtu nikashindwa kuendelea. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni vumbi. Lakini lililonikalisha ni chumba chetu cha mbele kule Kitale, na Mama akiwa hayumo.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na msikiti, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwenye kipaza sauti tulimwombea afya tukiwa jikoni. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi. Mlikuwa na kompyuta moja, mashine ya fotokopi iliyokula karatasi, na simu nyeusi ya mezani. Watu walikuja kuchapishiwa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, programu za mazishi na mitihani ya shule. Baba ndiye aliyekuwa na ofisi, lakini Mama ndiye aliyekuwa na mikono. Baba alichapa kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Mama alikuwa amesomea chuo kidogo cha kompyuta Bungoma kabla ya kuolewa, na alipochapa alimtazama mteja usoni, akamuuliza habari za nyumbani, huku vidole vikienda zao. Alikuwa ameifumia skrini kitambaa cheupe cha kuifunika isipate vumbi, chenye maua ya manjano pembeni.

Mama alikuwa Mbukusu wa Kamukuywa, akasilimu alipoolewa. Baba alikuwa mjukuu wa watu waliotoka kila upande, na ukimuuliza kabila lake alikujibu kwamba yeye ni wa hapa msikitini. Mimi madrasa niliitwa Mariamu. Mama peke yake ndiye aliyeniita Nekesa, jina la mama yake, na wakati mwingine aliniita mayi, yaani mama, kwa sababu kwao ukipewa jina la bibi unapewa na heshima yake.

Kisha babu wa Kamukuywa akafariki. Baba alikwenda maziko akarudi siku hiyo hiyo. Mama alibaki na ndugu zake mpaka siku ya kunyoa nywele, kama ilivyo desturi ya kwao, na aliporudi Kitale kichwa chake kilikuwa kitupu chini ya mtandio. Nilikuwepo alipouvua. Nilitaka kukigusa kile kichwa, kilivyong'aa. Baba hakutaka kukigusa.

"Hayo mambo si uliyaacha?" akasema.

"Niliyaacha. Lakini baba yangu sikumwacha."

"Basi rudi ukakae nao huko."

Najua leo kwamba Baba alikuwa amechoka, na kwamba watu wa msikitini walikuwa wamemuuliza mkewe yuko wapi siku zote hizo. Najua pia kwamba kuna maneno ambayo mtu huyasema ili yakataliwe. Mama hakuyakataa. Alichukua mkoba wake na begi ambalo hata hakuwa amelifungua. Alipopita kando ya meza, begi likanasa waya na simu ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Baba akaiokota, akaiweka sikioni, akasikia inavuma kama kawaida, akairudisha mezani. Mama alikuwa ameshatoka.

Nilikuwa na hakika kwamba atapiga. Baba alikuwa na simu ya mkononi, lakini nilijua hiyo hataipigia, maana angepokea yeye. Atapiga ya mezani, nikawaza, tena atanitafuta mimi. Nikawa nikitoka shule sichezi. Nilipitia mlango wa nyuma, nikanawa, nikaja kukaa ofisini na chai yangu, nikiitazama. Simu haikulia. Jioni moja nikamuuliza Baba kama Mama amepiga nikiwa shule.

"Angetaka angepiga," akasema, huku akipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Nikaamini. Mtoto akiambiwa jambo na mtu anayempikia uji, huliamini. Nikaanza kuzoea wazo kwamba nimesahauliwa.

Ni katika siku hizo ndipo kompyuta ilipokataa kuzimika.

Adhana ya alasiri ikisikika, Baba alikuwa na mazoea ya kuizima kompyuta, kuifunika kile kitambaa, kufunga mlango wa barabarani na kwenda kuswali. Mimi nilibaki ndani. Siku moja, msikiti ukiwa umeshatulia na swala imeanza, nikasikia ndani ya ofisi kitu kikivuta pumzi. Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka. Ikalia tii, mara moja, na chini ya kitambaa cha Mama ukatokea mwanga wa buluu ukipenya kwenye matundu ya ufumaji. Sikuigusa. Nilisimama na kikombe mkononi mpaka Baba aliporudi.

"Umewasha?"

"Imejiwasha."

Aliniangalia vile wazazi wanavyoangalia. Kesho yake ikafanya vile vile, na keshokutwa yake. Akaona kweli sina hatia, akanipa kazi. "Ikiwaka, wewe izime. Bonyeza hapa, shikilia mpaka inyamaze." Basi kila alasiri niliweka kidole, nikashikilia, nikasikia ile pumzi ikikatika. Sikuipenda kazi hiyo, ila ilinipa kitu cha kungojea.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, ambayo sikumwambia mtu. Niliona kwamba kompyuta imesikia adhana. Ilikuwa imekaa karibu na msikiti miaka yote ile, ikachapa ratiba za Ramadhani na mashairi ya Maulidi, na sasa imeamka kuswali. Haikuwaka adhana ikiadhiniwa, iliwaka baadaye kidogo, na hilo pia nililielewa: ilikuwa inatawadha kwanza. Ndiyo maana nilipoizima niliomba radhi kimoyomoyo. Kumkatiza mtu swala ni jambo zito.

Watu wazima walikuwa na maelezo yao, na ukiyapima hayakuwa mazuri kuliko yangu. Jirani yetu alikuwa Mama Njeri, mwenye duka la mbegu na mbolea. Watu wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani, na yeye alikuwa na pikapu, sauti kubwa, na maoni juu ya kila kitu.

"Baba Mariamu, si ni hiyo spika ya msikiti bana," akasema. "Hiyo kitu inavuta stima yote, halafu ikiachilia, stima inarudi na nguvu. Hata friji yangu inashtuka."

Baba akanunua stabilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Kompyuta ikawaka. Fundi wa mjini akaja akasema ni swichi, springi imelegea, akaweka swichi mpya. Ikawaka. Akarudi akasema ni pawa saplai, akaweka nyingine, nzito zaidi. Ikawaka. Baba akaifungua mwenyewe, akapuliza vumbi, akakuta sisimizi, akafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Ikawaka bila sisimizi. Kisha ukaja wakati kipaza sauti cha msikiti kikaharibika, na muadhini akawa anapanda ngazi na kuadhini kwa koo lake tupu. Baba alirudi mbio kutoka kuswali ili aone. Akanikuta nimeishikilia ile swichi.

"Imewaka?"

"Imewaka."

Alikaa chini. Nadhani nadharia ya spika ilikuwa ndiyo tumaini lake la mwisho. Mimi nilifurahi, maana sasa ilikuwa dhahiri kwamba kompyuta inasikia adhana kwa masikio yake yenyewe.

Kuichomoa ukutani kila siku alikataa. Soketi ilikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, na isitoshe kompyuta ikikosa umeme ilipoteza kumbukumbu ya tarehe, ikaamka ikidhani ni mwaka mwingine na kuandika hivyo kwenye barua za wateja. Fundi akapendekeza afute kila kitu kilichomo aipange upya. Baba akakataa, akasema mna kazi za watu. Lakini kazi za watu alizihifadhi kwenye diski, ndani ya droo. Kilichobaki ndani ya kompyuta ni vitu vya Mama: maua aliyochora ya kadi za harusi, na barua aliyoanza kuwaandikia walimu wangu.

Aliyegundua kwamba Jumapili haiwaki ni Mama Njeri. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Jumapili inapumzika? Basi Baba Mariamu, umepoteza. Hiyo kompyuta ni ya kanisa."

Nilimkasirikia siku nzima. Nilimwambia hata mtu mzuri huchoka.

Mwishowe Baba akasikia habari za fundi mmoja Bungoma, Wafula, aliyesifiwa kuwa haachi kitu mpaka kitengenezeke. Mama Njeri alikuwa akipeleka mbegu huko, akatupa nafasi. Tulikaa mbele sisi watatu, kompyuta ikiwa imeviringishwa blanketi miguuni pangu, na katikati ya safari mahindi ya pande zote mbili yalianza kupungua, nikajua tunakaribia Kamukuywa. Mama Njeri akapunguza mwendo.

"Nisimame ninunue ndizi?" akauliza, na hakuwa akiniuliza mimi.

"Tutachelewa," Baba akasema.

Nilijaza macho kwa haraka: vibanda, baiskeli, mwanamke anayepepeta maharagwe, kinu cha kusagia, chumba kidogo chenye watu wamesimama wakingoja kupiga simu. Nilitafuta mtandio wowote. Kisha soko likaisha. Baba alikuwa ameangalia upande wa pili muda wote, kwenye migomba ambayo haikuwa na lolote la kuangaliwa.

Fundi Wafula alikaa na kompyuta siku kadhaa. Nyumbani alasiri zikawa ndefu, kwa sababu hapakuwa na chochote cha kuwaka. Tuliporudi kuichukua, alikuwa ameiweka mezani ikiwa imezimika kabisa, akaipigapiga mgongoni kwa fahari.

"Mzee, hii haina shida yoyote. Nimeizima kila siku, inarara tu. Inarara kabisa. Labda stima ya Kitale ndio mbaya."

Mimi nikajua moyoni: hapa hakuna msikiti karibu, itaamshwa na nani?

Wakati wa kurudi, Baba ndiye aliyesema tusimame Kamukuywa. Alishuka kununua ndizi. Niliambiwa niketi na kompyuta, nikaketi, nikamwona amesimama kwenye kibanda cha ndizi muda mrefu, mgongo wake kwetu, uso wake kwenye njia ya udongo inayopanda kwenda kwa kina Mama. Muuzaji alimpa chenji naye hakuipokea mpaka alipoguswa. Akarudi na ndizi mbichi za kupika, ambazo hakuna aliyejua kuzipika nyumbani kwetu kwa wakati ule. Mama Njeri akawasha gari bila maoni yoyote, na hilo lilinitisha.

Kompyuta ikarudishwa mezani, nyaya zikarudi mahali pake. Alasiri ya kwanza, ikawaka.

Siku iliyofuata Baba hakwenda msikitini. Alisema ataswali nyumbani ashuhudie kwa macho yake, kisha ampigie Wafula hapo hapo, mashine ikiwa bado ina moto, asikie mwenyewe feni inavyozunguka. Aliswali pale ofisini, nami nyuma yake. Tulipotoa salamu, kukawa kimya kidogo. Kisha ile pumzi. Tii. Mwanga wa buluu chini ya kitambaa.

"Umeona?" Baba aliniambia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye Wafula. Akauvuta mkono wa simu, akauweka sikioni, kidole chake tayari juu ya namba.

Kidole hakikubonyeza.

Nilikuwa karibu naye, na nyumba ilikuwa tulivu, kwa hiyo na mimi nilisikia. Sauti ndogo, ya mbali, ilikuwa inatoka kwenye simu ambayo haikuwa imelia.

"Hallo? Hallo? Nekesa?"

Baba aliuondoa ule mkono sikioni akautazama. Alitazama waya wake. Waya huo ulitoka ukutani ukaingia kwanza nyuma ya kompyuta, kwa ajili ya barua pepe za wateja, na ndipo ukaja kwenye simu. Niliona macho yake yakiufuata wote, kwenda na kurudi. Kisha akanipa mimi.

"Mama," nikasema.

Nilisikia kinu cha kusagia nyuma yake.

"Umekula, mayi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai na mandazi."

"Nimekuwa napiga," akasema. "Kila siku napiga hii saa, juu najua Baba yako ako msikitini. Jumapili tu ndio mwenye simu anafunga, anaenda kanisa. Inalia mpaka inakatika. Nikasema labda hamko. Ulikuwa hujui inalia?"

Watoto huelewa upesi, na huo ndio ubaya wao. Nilimtazama Baba, nikaitazama kompyuta inavyong'aa, na yote yakanijia kwa pamoja: kwamba hakunisahau, kwamba kila ilipowaka alikuwa ni yeye, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimwona akija. Nilijawa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Nilitaka ajue kwamba nilikuwepo.

"Najua," nikasema. "Kila siku naona ikiwaka. Mimi ndiye naizima."

Kinu kiliendelea kusaga.

"Wewe ndiye unaizima," Mama akasema.

"Ee. Baba alisema ikiwaka niizime."

Akanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa mtu anayetaka kukata simu na mkono haumtii. Ulinikaa vibaya, nikajua nimesema kitu kibaya, ila sikujua ni kipi. Baba alijua. Alikuwa amesikia upande wangu wote, na akauchukua ule mkono wa simu kutoka kwangu kwa haraka, hata akanikwaruza sikio.

"Zaituni," akasema.

Sikuwa nimemsikia akilitamka jina hilo tangu siku ile.

"Zaituni, usikate. Anasema kompyuta. Si simu, ni kompyuta. Simu hailii. Tangu ilipoanguka, kengele yake imekufa, na sisi hatukujua. Wallahi hatukujua. Ukipiga, hii kompyuta inawaka."

Akamweleza. Baba yangu, ambaye kwa miezi alinijibu kwa neno moja moja, alisimama pale akamweleza Mama habari ya kompyuta tangu mwanzo. Akamweleza swichi, pawa saplai, bei ya stabilaiza, sisimizi, spika ya msikiti na maoni ya Mama Njeri. Alimweleza kwamba fundi alitaka kufuta kila kitu na yeye akakataa. Mara nyingine alinyamaza kusikiliza, akasema "ee", akaendelea. Sijawahi kusikia mtu akieleza ubovu wa mashine kwa sauti ile. Mtu angepita nje angedhani anasimulia ugonjwa wa mtoto.

"Tulipita hapo kwenu," akasema mwishoni. "Kwenda na kurudi." Akasikiliza. "Ndiyo, niliona njia." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Mafundi wote wameshindwa. Wewe ndiye unaijua hii kitu. Njoo uiangalie."

Nilisogea mpaka nikagusa mkono wake, na nikamsikia Mama akiuliza, wazi kabisa:

"Nije na nguo?"

Baba aliangalia mlango. Aliangalia mkeka wake wa kuswalia, ambao ulikuwa bado sakafuni. Nilimvuta shati.

"Njoo kwanza," akasema.

Nilikimbia duka la pili kumwambia Mama Njeri kwamba Mama anarudi. Alikuwa anapima mbegu, akaacha.

"Amesema anarudi ama anakuja?"

Nikamwambia ni kitu kimoja. Akanipa peremende, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Mama alikuja Jumamosi, na mkoba wake wa mkononi tu. Nilitafuta begi nyuma yake. Nywele zilikuwa zimeota, fupi, laini, na safari hii sikungoja, nikazishika. Alinukia moshi wa kuni na mafuta yake yale yale. Baba alimkaribisha kwa kiti cha wateja, akatoa pesa mfukoni.

"Mariamu, nenda umnunulie Mama yako soda."

Kwetu soda ilinunuliwa mgeni akija. Nilikwenda, nikarudi nayo, nikamwona ameketi ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani, akisema asante kwa adabu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Baba akatoka barazani. Mama akauweka mkoba sakafuni, akavuta kiti, akaiwasha kompyuta upya huku akibonyeza kitufe ambacho mafundi wote hawakukibonyeza, na skrini ikawa ya buluu tupu yenye maandishi meupe. Akanieleza taratibu, kama alivyonifundisha kusoma. Kompyuta ina betri ndogo ndani; hii imekufa, ndiyo maana inasahau tarehe, na iliposahau tarehe ilisahau pia mambo mengine aliyokuwa ameyapanga yeye. Ikarudi ilivyotoka kiwandani. Na ilivyotoka kiwandani, waya wa simu ukipitisha mlio, inaamka.

"Ona hapa," akasema, kidole chake kwenye mstari mmoja. "Nikibadilisha hii, haitaamka tena yenyewe."

Nilimshika kifundo cha mkono. "Usibadilishe."

Aliniangalia. Alikuwa na macho mekundu, na nilidhani ni ya skrini. Akabonyeza kitufe cha kutoka bila kubadilisha kitu, na maandishi meupe yakaondoka.

Baba akachungulia mlangoni. "Imewezekana?"

"Imekataa," Mama akasema. "Muiache tu."

Baba alikuwa amegombana na nusu ya mafundi wa Kitale juu ya ile mashine. Alitikisa kichwa kukubali, papo hapo, bila swali hata moja.

"Basi tutaiacha."

Simu mpya zilikuwa zinauzwa barabara ile ile ya kwetu. Hakuna aliyekwenda kununua.

Walizungumza barazani kidogo. Nilisikia neno wazee. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba Mama alikuwa akingoja Baba aende kwao na wazee, kama inavyotakiwa, na Baba alikuwa akingoja Mama aseme kwamba alikosea. Wote wawili walijua sana kungoja. Kabla ya magharibi Mama alinibusu kichwani, akachukua mkoba wake, akaondoka. Soda ilibaki nusu. Niliinywa, haina hata mapovu, huku nikilia.

Kuanzia hapo, kompyuta ikiwaka sikuizima. Nilinyanyua simu. Baba alianza kuchelewa msikitini. Swala ikiisha alibaki akizungumza na kila mtu, yeye ambaye hakuwa na mazungumzo, na aliporudi alikohoa mlangoni kabla ya kuingia. Mama aliniuliza nimekula nini, nimesoma nini, nani amenichokoza. Nilimuuliza swali moja tu, siku zote lile lile, atakuja lini tena. Naye alinijibu kwa utani, kwa sababu nadhani hakuwa na jibu jingine.

"Si hiyo kompyuta ikiharibika tena mtaniita?"

Mimi sikulichukua kama utani. Nilimtaka Mama kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu hapo mpaka leo, na sasa nilikuwa nimeonyeshwa njia. Basi kila alasiri, nikishaweka simu chini, nilifunua mikono yangu pale mezani na kumwomba Mungu aiharibu ile kompyuta, aiharibu vibaya, ubovu wa kuchukua siku nyingi, ubovu wa kumfanya mtu aje na nguo.